Waifai yangu ilifikaje saluni ya ng'ambo ya kichochoro

Neno la siri la waifai yangu lilikuwa refu, lenye herufi na tarakimu zilizochanganywa, na hakuna aliyelivunja. Liligawiwa. Lilitoka chumba cha uani, likapita kwa rafiki, likafika saluni ya kunyolea iliyo ng'ambo ya kichochoro, na kutoka hapo likawa la kila anayesubiri zamu yake ya kunyolewa. Nayaandika haya kwa ajili ya walimu wenzangu wanaofundisha kutoka sebuleni, na kwa yeyote aliyeweka ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai, nyumbani. Kila ninayezungumza naye habari hizi hapa Dodoma anawaza wadukuzi. Wapo, na nitawafikia huko mbele, lakini kwa mitaa ninayoijua mimi neno la siri hutoka nje kwa mkono wa mtu wa ndani, tena mwenye nia njema.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nimestaafu, naishi Kikuyu, hapa mjini Dodoma. Uani nina vyumba ninavyopangisha kwa wanachuo. Jioni nafundisha kwa video watoto wa kidato cha nne walioko Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, na wengine hapahapa mjini. Kipindi kinaanza saa mbili usiku, maana kabla ya hapo wengi wao wako kuchota maji, wako jikoni, au wanaswaga mbuzi kurudi zizini. Wapo wanaoazima simu ya mzazi kwa saa moja tu. Saa hiyo ikipotea, kwa mtoto yule somo la siku hiyo limekwenda. Kwa hiyo picha ilipoanza kuganda kila nikichora mchoro wa matawi wa kukokotoa uwezekano, na mtoto mmoja wa Mpwapwa akaniandikia "Mwalimu hatukuoni, sauti inakatika", sikuweza kulichukulia kama usumbufu mdogo.

Hata hivyo sikutaka kumshuku mtu mapema. Ruta yangu inatumia laini ya simu, na usiku mtandao wa simu huelemewa wenyewe: mnara mmoja, mtaa mzima umerudi nyumbani, kila mmoja ameshika simu. Nilitaka kwanza kujua kama tatizo liko mnarani au liko kwangu. Nilichomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya, nikaingia kwenye setingi nikazima waifai kabisa, nikapima kasi saa mbili na robo usiku. Kisha nikaiwasha waifai, kompyuta ikiwa bado kwenye waya, simu zangu na runinga zikiwa zimezimwa, wapangaji nikiwa nimewaomba wazime zao, nikapima tena baada ya muda kidogo. Waifai ikiwa imezimwa, kasi ilikuwa nzuri. Ilipowashwa, ikashuka chini ya nusu. Kama ingekuwa mbaya nyakati zote mbili, nisingekuwa na sababu ya kutafuta mtu. Ningempigia mtoa huduma. Nawasihi mfanye jaribio hili kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya.

Kuna wanaosema angalia taa: zima vifaa vyako vyote, ukiona taa ya waifai bado inapepesa, kuna mtu. Usiitegemee. Ruta hutangaza jina lake hewani karibu mara kumi kila sekunde hata kama hakuna aliyeunganishwa, na kwenye ruta nyingi taa hupepesa kwa hilo pia.

Kinachosema ukweli zaidi ni orodha ya vifaa iliyo ndani ya ruta yenyewe. Geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Kuna anwani kama 192.168.1.1 au 192.168.8.1, jina la kuingilia, na neno la siri la msimamizi. Andika anwani hiyo kwenye kivinjari cha simu au kompyuta iliyounganishwa, ingia, tafuta sehemu yenye vifaa vilivyounganishwa. Usipoipata, programu kama Fing kwenye simu inaweza kuuzunguka mtandao wako na kukuonyesha vilivyomo.

Orodha ile inahitaji kusomwa kwa utulivu, maana inadanganya kwa namna mbili. Kwanza, kifaa kilichoondoka asubuhi kinaweza kubaki kimeandikwa hadi muda wa anwani ambayo ruta ilikiazima uishe, na kwa ruta nyingi muda huo ni siku nzima. Pili, simu za siku hizi zinajitungia anwani ya aina nyingine. Kila kifaa kina anwani ya MAC, tarakimu na herufi 12 zilizopangwa mbilimbili, ambayo zamani ilitoka kiwandani na ikabaki hivyo. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya simu za iPhone ya mwaka 2020, simu huutungia kila mtandao anwani tofauti ili mwenye simu asifuatiliwe kila aendako. Ni jambo zuri kwa faragha, lakini ukiwa na orodha mkononi utachanganyikiwa, kwa sababu simu iliyowahi kusahau mtandao wako ikarudi inaweza kuonekana kama simu mbili. Namna ya kuitambua ni kutazama alama ya pili kutoka mwanzo wa anwani. Ikiwa ni 2, 6, A au E, anwani hiyo imetungwa na kifaa chenyewe. Sasa hata ukikuta anwani usiyoijua, huwezi kuruka moja kwa moja kusema ni ya mgeni.

Nilichukua daftari la mraba nikaandika vifaa vyetu vyote: simu yangu, simu ya zamani ambayo mjukuu huchezea, kompyuta, runinga, printa, na vya kila mpangaji chumba kwa chumba. Halafu tukavizima kimoja kimoja huku nikiangalia kipi kinatoweka kwenye ruta. Vilivyobaki vikiwa hai baada ya vyetu vyote kuzimwa vilikuwa vingi kuliko vyetu. Kimoja kilijiita kwa jina la runinga ya kampuni ambayo hatuna kifaa chake hata kimoja humu ndani.

Runinga ile ndiyo iliyonipeleka saluni. Nilitoka hadi nje ya ukuta, kwenye mwarobaini ambapo vijana huketi jioni, nikatazama ng'ambo. Kinyozi alikuwa na runinga ukutani, mpira unaonyeshwa moja kwa moja kupitia intaneti, wateja wamejaa. Kutoka ruta yangu hadi pale si mbali. Masafa ya 2.4 gigahazi yanapita kuta za tofali bila shida kubwa; yale ya 5 gigahazi ndiyo yanayochoka mapema.

Kijana wa chumba cha pili nilimwita kesho yake asubuhi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Kuna mtu uliwahi kumpa neno la siri la waifai?"

Alifikiri, akasema hakumpa mtu neno la siri, ila rafiki yake alikuja siku moja anahangaika kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, siku za mwisho, bando limekwisha, naye akamfungulia kwenye simu ule mraba wa QR unaosomwa kwa kamera ili aungane. "Neno lenyewe sikumtajia, Mwalimu." Nilimwamini, na bado namwamini. Lakini kwenye simu nyingi za Android ukibonyeza kushiriki mtandao, chini ya mraba ule neno la siri limeandikwa waziwazi. Hata lisingeandikwa, simu iliyoungana inaweza kufungua mraba wake yenyewe na kumpa mwingine. Yule rafiki ananyoa saluni ile. Ni sawa na kumpa mgeni ufunguo pamoja na mashine ya kuchongea nakala zake.

Nilikwenda kwa kinyozi mchana, saluni ikiwa tupu. Alinipa kiti kabla sijasema neno. Alidhani mtandao ule ni wa rafiki yake, kwamba wameshirikiana, na alipoelewa kuwa ni wa darasa la watoto alisikitika kwa dhati, akajitolea kuchangia kila mwezi. Nilikataa, kwa sababu mkataba wangu na mtoa huduma ni wa matumizi ya nyumbani, na kwa sababu nyingine ambayo ilinibidi nimweleze, na nitaieleza hapa kwa kirefu kidogo kwa kuwa watu wengi wanaona hasara ya jambo hili ni bando tu.

Laini iliyo ndani ya ruta yangu imesajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA na alama ya kidole changu. Chochote kinachofanywa na simu iliyounganishwa kwenye waifai yangu, huko nje kinaonekana kimetoka kwenye laini hiyo. Mtu akitukana, akitapeli, akipakia picha za mtoto wa watu, ufuatiliaji utafika Kikuyu, kwenye geti langu, na mimi ndiye nitakayeanza kueleza. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 4, inakataza kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini, kwa hiyo anayeingia naye anajiweka mahali pabaya, mara nyingi bila kujua. Sikutaka yule kijana mwenye saluni awe huko. Nina wasiwasi pia na yaliyo ndani. Aliye kwenye waifai yako yuko upande wa ndani wa mlango: anaiona printa, runinga, na folda ulizoziacha wazi kwenye kompyuta. Akiweza kufungua ukurasa wa msimamizi wa ruta, anaweza kubadili seva inayoielekeza simu yako iende tovuti gani, ukaandika jina la benki ukapelekwa kwenye ukurasa wa uongo. Kivinjari kitajaribu kukuonya. Wangapi wanasoma lile onyo kabla ya kubonyeza kuendelea?

Kwa hiyo nilianza kurekebisha kwenye ukurasa wa msimamizi, kabla ya waifai yenyewe. Neno la msimamizi lililokuja na ruta huwa ni admin kwenye ruta nyingi, na linajulikana dunia nzima. Nililibadili, nikaliandika kwenye daftari linalokaa kabatini. Nikazima uwezo wa kuisimamia ruta kutoka nje ya nyumba. Nikatafuta toleo jipya la programu ya ruta nikaliweka, maana makosa ya zamani huzibwa kwa njia hiyo. Mwaka 2017 mtafiti Mathy Vanhoef wa Ubelgiji alionyesha udhaifu, ulioitwa KRACK, katika WPA2, aina ya ulinzi inayotumiwa na waifai nyingi, na simu na ruta zilizosasishwa ndizo zilizopona. Kibandiko cha chini cha ruta nimekifunika kwa karatasi. Nimeona watu wakipiga picha ruta zao mpya na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, neno la siri likiwa linasomeka.

Halafu WPS. Hapa naomba ruhusa ya kufundisha, kwa sababu ni mfano mzuri wa hisabati kuliko mingi iliyo vitabuni. WPS ni ile njia ya kuunganisha kifaa kwa kubonyeza kitufe au kwa kuandika namba ya siri ya tarakimu 8. Tarakimu 8 zinatoa michanganyiko milioni 100, na mtu anaona inatosha. Tarakimu ya mwisho ni ya kuhakiki tu, inakokotolewa kutoka zile saba, hivyo zinabaki milioni 10. Bado nyingi. Lakini ruta huikagua namba ile kwa vipande viwili: inajibu kwanza kama tarakimu 4 za mwanzo ni sahihi, ndipo iendelee na zilizobaki. Anayebahatisha anahitaji majaribio yasiyozidi 10,000 kwa kipande cha kwanza na 1,000 kwa cha pili. Badala ya kuzidisha, tunajumlisha: 11,000. Mtafiti Stefan Viehböck alilitangaza hili mwishoni mwa mwaka 2011. Ruta nyingi za baadaye huzuia majaribio mengi mfululizo, lakini mimi sioni sababu ya kuiacha WPS ikiwa imewashwa. Izime.

Baada ya hapo ndipo aina ya ulinzi, yaani namna ruta inavyoifunga waifai kwa neno la siri. WEP ya mwaka 1997 ilivunjwa mwaka 2001; ukiikuta kwenye ruta yako usiitumie hata siku moja. WPA2 ya mwaka 2004 bado inafaa, na WPA3 ya mwaka 2018 ni bora. Tofauti yake inahusu kubahatisha. Kwenye WPA2, kifaa kinapojiunga, kinabadilishana na ruta ujumbe fulani ambao mtu aliye karibu anaweza kuunasa hewani, akaondoka nao, akakaa kwake anajaribu maneno bila ruta yako kujua lolote. WPA3 inamlazimisha ajaribu mbele ya ruta yenyewe, jaribio moja moja.

Kama unatumia WPA2, basi, neno la siri lazima lihimili mtu mwenye kompyuta na muda. Walimu wenzangu wengi wameweka namba zao za simu. Hebu tuhesabu. Namba za simu za mkononi hapa kwetu huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu 8, jumla milioni 200 kwa hesabu ya haraka. Kwa kweli ni pungufu, maana si kila mwanzo unatumika. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inajaribu laki kadhaa kwa sekunde. Tuseme laki tano. Milioni 200 zinakwisha kwa sekunde 400, chini ya dakika saba. Namba yako umeibandika dukani na kwenye mlango wa gari, na huenda hata hizo dakika hazihitajiki.

Sasa chukua kamusi, chagua maneno kwa kufumba macho na kufungua ukurasa, wala usichague kwa moyo, maana moyo huchagua jina la mtoto, mstari wa Biblia, aya au methali, na hivyo ndivyo vinavyojaribiwa mapema. Tuseme unachagua kutoka maneno 5,000. Maneno manne yanatoa 5,000 mara yenyewe mara nne, yaani trilioni 625. Kwa kasi ileile ni karibu miaka 40 kuyamaliza yote. Ongeza neno moja, yawe matano: karibu miaka 198,000. Neno moja tu limefanya hivyo. Kitu kama ngalawa-kibiriti-rehani-tumbiri-jamvi kinaandikika kwenye simu bila kukosea, na WPA2 inakubali hadi herufi 63. Huo ni mfano, msiutumie wenyewe.

Wapo walionishauri nifiche jina la mtandao. Haisaidii: jina hilo hupita hewani kila kifaa kinapoungana, na simu zako zitalazimika kuliita kila mahali ziendako. Wengine wakasema niruhusu anwani za MAC nilizoziandika tu. Anwani hizo nazo zinapita hewani bila kufichwa na zinaigwa kwa urahisi, na kwa simu zinazojitungia anwani ni kazi ya kila wiki kwa mwenye nyumba.

Lakini hesabu hizi zote zisingelizuia neno langu kufika saluni. Kilichofanya kazi ni mtandao wa wageni. Ruta nyingi za sasa zinao, na watu hawaufungui. Ni jina la pili, lenye neno lake la siri, na vifaa vilivyomo havivioni vya mtandao mkuu. Mtandao mkuu nimeuachia kompyuta ya darasa, simu yangu na printa, na neno lake halijui mtu mwingine. Wapangaji nimewaweka kwenye ule wa wageni, nikawawekea kikomo cha kasi kinachowatosha kusoma na kutazama video, na tumekubaliana kwamba neno lake linabadilika kila mwezi tarehe ya kodi. Nabandika jipya kwenye karatasi ndani ya korido yao. Rafiki akija na shida ya kweli anapewa, na mwisho wa mwezi simu yake inaachwa nje bila ugomvi wala maelezo. Sisi ni watu wa kukaribisha, sitaki nyumba yangu iwe ya kumnyima mtoto wa watu kujaza fomu yake ya mkopo.

Mpangaji anapohama nabadilisha siku hiyohiyo. Na mara kwa mara, siku ambayo sina kipindi, nafungua orodha ya vifaa vya mtandao mkuu. Vikiwa vitatu tu vinavyotakiwa kuwapo, huhitaji hata daftari. Wa nne anaonekana papo hapo. Hii ndiyo faida ambayo sikuitarajia: kutenganisha watu kumefanya kugundua mgeni kuwe jambo la kutupa macho.

Onyo kuhusu mafundi. Ruta ikisumbua, mafundi wengi hukimbilia kitundu kidogo cha nyuma, wakachomeka sindano kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Inafanya kazi, ila inarudisha na neno la msimamizi la kiwandani, na WPS, na neno la waifai lililo kwenye kibandiko, na mtandao wa wageni unafutika. Fundi akiondoka, kaa chini uanze upya.

Runinga yangu ni ya zamani na haielewi WPA3. Ruta inaruhusu WPA2 na WPA3 kwa pamoja, lakini mchanganyiko huo unamwachia mtu njia ya WPA2, kwa hiyo mtandao mkuu nimeufunga kwa WPA3 pekee na runinga nimeihamishia kwa wageni, pamoja na wapangaji. Mjukuu analalamika kwamba hawezi tena kurusha katuni kutoka kwenye simu yangu kwenda kwenye runinga. Ile simu ya zamani anayoichezea nayo nimeihamishia huko, arushie kutoka hapo.